Mikindani: Mji wa Ghuba na Watu Walioujenga

Mikindani ni mji mdogo wa pwani ya kusini ya Tanzania, mwendo wa kilomita zipatazo 10 kutoka Mtwara kwa njia iendayo Lindi. Mji huu umetajwa mara nyingi katika vitabu vya wageni, na karibu kila mara umetajwa kwa sababu moja kati ya mbili: kwamba David Livingstone alishuka hapo mwaka wa 1866, na kwamba Wajerumani walijenga boma hapo mwaka wa 1895. Mambo hayo yote mawili ni kweli, lakini yote ni habari za watu waliopita njia. Waliokaa hawakuandikwa sana, na wengi katika hao hawakufika pwani kwa hiari yao. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mji huu ulivyopata uhai wake na jinsi ulivyonyang'anywa, na kuonyesha kuwa waliouhifadhi ni wale ambao majina yao hayamo katika kibao chochote cha ukutani.

Mahali na jina

Ghuba ya Mikindani imeingia ndani ya nchi kavu, na sehemu yake ya ndani imezungukwa na vilima na mikoko hata mgeni aionaye mara ya kwanza huweza kudhani amefika ukingoni mwa ziwa. Mlango wake ni mwembamba. Chombo kikisha kuupita hupata stara, upepo uwe wa kusi au wa kaskazi. Jina la mji hufasiriwa kwa minazi: mkinda ni mnazi mchanga, na Mikindani ni penye minazi michanga. Minazi ingali ipo hata leo, michanga kwa mikongwe, kando ya nyumba za mawe na za udongo.

Lakini ghuba njema peke yake haifanyi mji. Katika pwani hii ziko ghuba nyingine nyingi ambazo hazikupata kuwa na soko. Mikindani iliinuka kwa sababu ya nchi iliyo nyuma yake. Kutoka ufukoni ardhi hupanda mpaka uwanda wa juu wa Wamakonde, unaoenea hata Newala, na kusini ya uwanda huo hupita Mto Ruvuma, wenye urefu wa karibu kilomita 800, ambao kwa karne nyingi umekuwa dira ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Bahari ilileta upepo na bara ikaleta mzigo. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi; kusi ilipoanza, yalirudi yakiwa yamepakia pembe, sandarusi, nta, mtama na ufuta.

Uwanda wa Wamakonde una sifa mbili ambazo ni lazima zieleweke kabla ya kuendelea. Ya kwanza ni kuwa maji yake ni haba sana, hata watu wa juu walilazimika kuteremka mabondeni kuyachota na kuyapandisha kwa kichwa. Ya pili ni kuwa umefunikwa na vichaka vinene visivyopitika kwa urahisi. Mtu aweza kuuliza kwa nini watu walichagua kukaa mahali penye kiu namna hiyo. Jibu limo katika sifa ya pili. Vichaka vilikuwa ngome. Aliyekaa juu alitaabika kwa maji, lakini mteka watu alitaabika zaidi kumfikia.

Zama za misafara

Pwani yote kutoka Kilwa mpaka Ruvuma iliitwa zamani Mgao. Mwaka wa 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Watumwa hao walikusudiwa kwa visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, yaani Ile de France, ambayo sasa ni Mauritius, na Bourbon, ambayo sasa ni Réunion. Wamakonde, Wamakua na Wayao waliovushwa hawakurudi. Wajukuu wao husema leo Krioli iliyozaliwa na Kifaransa, na lugha za babu zao zimebaki kwao katika maneno machache tu. Jambo hili litafaa kukumbukwa itakapofika zamu ya kusema habari za lugha ya Mikindani yenyewe.

Seyyid Said alipokwisha kuhamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja, bandari za Mgao nazo ziliingia katika hesabu ya forodha yake. Mikindani ikapata watoza ushuru, na Wahindi wakafungua maduka. Wao ndio waliowakopesha wenye misafara vitambaa, shanga na baruti, nao walirudishiwa deni kwa pembe na kwa watu. Wayao, waliozoea safari ndefu kati ya Nyasa na pwani, walikuwa mahodari kupita wote katika kazi hiyo. Nchi ya kati ikafadhaika. Tangu miaka ya 1860 Wangoni, ambao watu wa Ruvuma waliwaita Wamagwangwara, waliongeza mashambulio yao juu ya dhiki iliyokuwapo.

Katika hali hiyo ndipo Livingstone alipofika mwezi wa Machi 1866, akiwa na barua ya Seyyid Majid. Alikuwa amejaribu kwanza kuingia kwa mlango wa Ruvuma, akazuiwa na mikoko, ndipo manowari ya Kiingereza iliyomchukua ikageuza kuelekea Mikindani. Alishusha ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, pamoja na askari wa Kihindi, watu wa Nzuwani, na vijana Waafrika waliolelewa katika shule ya Nasik huko Bara Hindi. Ghuba aliisifu sana. Kati ya waliokanyaga pwani pamoja naye alikuwamo Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa kutoka katika msafara wa watumwa mwaka wa 1861. Huyu ndiye ambaye, pamoja na Susi, aliongoza wenzake kuuchukua mwili wa Livingstone kutoka bara mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Basi hata katika habari ambayo husimuliwa kama ya mzungu mmoja, alikuwamo mtumwa wa zamani aliyerudi katika nchi alikotekwa.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule wa 1866, akiifuata Ruvuma, Livingstone aliandika katika kumbukumbu zake kuwa alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, naye amekwisha kufa. Mwanamke huyo alikuwa ameshindwa kwenda na wenziwe. Jina lake halikuandikwa, wala hapakuwa na wa kuliuliza. Msomaji anayetaka kujua gharama ya nyumba za mawe za bandari za kusini na aanzie hapo.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kupelekwa kwa bahari, na mwaka wa 1876 akakataza misafara yao ya nchi kavu. Biashara haikufa siku moja, lakini ilianza kupata mshindani. Mshindani huyo alikuwa mpira wa porini, utomvu wa mitambaazi iliyoota katika vichaka vile vile vya Wamakonde. Viwanda vya Ulaya na Marekani viliutaka sana, na mtu yeyote mwenye kisu na kibuyu aliweza kuukusanya. Kwa mara ya kwanza watu wa uwanda wa juu wakateremka Mikindani kwa wingi wakiwa wauzaji, nao si mzigo wa kuuzwa. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 mpira ulikuwa miongoni mwa mali kubwa zilizotoka katika bandari za kusini.

Bendera zilizobadilika

Mwezi wa Aprili 1888 Seyyid Khalifa aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Watumishi wa kampuni walipopandisha bendera yao katika bandari mwezi wa Agosti, watu wa pwani walikataa. Pangani walianza, na moto ukashuka kusini. Kilwa Wajerumani wawili waliuawa. Lindi na Mikindani watumishi wa kampuni walikimbia baharini mwezi wa Septemba. Kwa muda wa karibu miaka miwili Mikindani haikuwa na mtawala Mjerumani. Mwezi wa Mei 1890 Hermann von Wissmann alikuja na manowari na askari, akazitwaa Kilwa, Lindi na Mikindani moja baada ya nyingine.

Kutwaa pwani hakukuwa kutwaa uwanda wa juu. Huko alikuwako Machemba, mkubwa wa Kiyao, aliyetawala njia za misafara na mpira. Wissmann alipomwita aje pwani kumtii, Machemba alimjibu kwa barua, akakataa. Alipambana na Wajerumani kwa miaka mingi, na mwaka wa 1899 akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno kuliko kusalimu amri. Wanahistoria huitaja barua yake kwa ushujaa uliomo. Lakini kwa wachunguzi wa lugha inalo jambo jingine: iliandikwa kwa Kiswahili. Kabla hapajawa na shule ya serikali hata moja juu ya uwanda ule, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuupanda, kikifuata njia zile zile za watumwa na mpira, na kilikuwa kimekuwa lugha ambayo mkubwa wa bara aliweza kumkatalia nayo mfalme wa ng'ambo.

Boma la Mikindani lilijengwa mwaka wa 1895 katika mteremko unaoitazama ghuba. Kutoka hapo zilitolewa hukumu na amri, na tangu mwaka wa 1898 kodi ya nyumba. Utumwa wenyewe Wajerumani hawakuufuta. Waliamuru tu kuwa watakaozaliwa baada ya mwaka wa 1905 watakuwa huru. Upande wa kusini walinyakua mwaka wa 1894 kipande cha nchi cha Kionga, mdomoni mwa Ruvuma, na Wareno wakakirudisha mikononi mwao mwaka wa 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka ukatulia mtoni. Wavuvi na Wamakonde wa ng'ambo mbili wakajikuta raia wa serikali mbili, ingawa waliendelea kuoana na kuzikana.

Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza walishuka Mikindani. Mwezi wa Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma. Lililobaki nyuma lilikuwa njaa, na nyumba nyingi ambazo vijana wao walichukuliwa upagazi wasirejee.

Bandari iliyohama

Mwaka wa 1922 serikali ya Kiingereza ilifuta utumwa kwa sheria. Kwa wakati huo mpira wa porini ulikuwa umekwisha kushindwa na mpira wa mashamba ya Asia. Mashamba ya katani yakashika nafasi, nayo yaliwavuta vibarua kutoka Msumbiji, wakiwamo Wamakonde wa kusini ya Ruvuma, ambao huku waliitwa Wamavia. Hao ndio walioleta pamoja nao ufundi wa kuchonga mpingo uliokuja kujulikana duniani kote. Mji ulikuwa mdogo na biashara yake ndogo, lakini ulikuwa ungali mji mkuu wa wilaya, wenye bwana shauri, liwali, soko na forodha.

Kilichoubadili kabisa kilitoka London. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka wa 1947 ulianzishwa mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji reli, na reli ilihitaji bandari ya kupokea meli kubwa. Ikachaguliwa ghuba ya Mtwara, ambako palikuwa na vijiji vya wavuvi, kwa sababu ya kina cha maji yake. Pakapimwa barabara pana, pakajengwa gati, na reli ikatandikwa. Mwaka wa 1951 mpango wa karanga uliachwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni na kutoa karanga chache kuliko mbegu zilizotazamiwa kuzaa. Reli, iliyokosa mzigo, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa.

Karanga hazikupatikana, lakini bandari ilibaki, na ofisi zikaifuata. Makao ya serikali yakahamia Mtwara. Wenye maduka nao wakahama, mmoja mmoja, wakifunga milango yao ya nakshi. Mikindani haikupigwa vita wala haikuungua moto. Iliondolewa kazi yake tu. Amri ya kuiondolea ilitolewa na watu wasiopata kuiona, kwa ajili ya zao ambalo halikuota. Leo jina lake limo katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, nalo limewekwa la pili.

Maisha na lugha

Watu waliobaki walirudia kazi ambazo hazihitaji kibali cha forodha. Ngalawa na mitumbwi hutoka alfajiri. Madema hutegwa miambani. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, wanawake na watoto huenda mwambani kutafuta pweza na chaza. Juu ya vilima watu hulima muhogo, mtama na kunde, nao hutunza minazi na mikorosho. Jando na unyago vingali vikigawa umri wa mtu, na maulidi yangali yakiwakusanya watu wa mji na wa mashamba. Katika mambo hayo mawili, unyago uliotoka bara na maulidi yaliyotoka baharini, huonekana wazi kuwa mji huu ulifumwa kwa nyuzi mbili.

Ufumaji huo huonekana wazi zaidi katika watu waitwao Wamaraba. Hao ni Wamakonde wa pwani waliopokea Uislamu na desturi za Kiswahili. Husema Kimaraba, ambacho ni lahaja ya Kimakonde iliyochukua mengi kutoka katika Kiswahili, na pamoja nacho husema Kiswahili chenyewe. Kaskazi yao Kiswahili cha Mgao huungana na cha Kilwa. Kusini, ng'ambo ya Ruvuma, husemwa Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Katika pwani hii hakuna mahali ambapo mtu aweza kuweka kidole akasema, hapa Mswahili amekwisha, hapa Mmakonde ameanza.

Wako walioiona hali hiyo kuwa ni upungufu, wakamhesabu kuwa Mswahili halisi yule tu mwenye nasaba ya ng'ambo na nyumba ya mawe. Historia ya Mikindani haikubaliani nao. Waliopakua mizigo, waliopanda minazi, waliochoma chokaa ya nyumba hizo za mawe na kukata boriti za mikoko walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa bara, watumwa na wana wa watumwa, na wengine huru waliofuata soko. Walipofika walikuta lugha. Hawakuipokea kama wageni wapokeavyo posho, bali waliitia sauti zao na maneno yao mpaka ikawa yao. Ndugu zao waliovushwa mpaka Ile de France walipoteza lugha zao karibu zote. Hawa waliobaki pwani walihifadhi ya kwao na kuikuza ya pili. Kwa kuwa majina yao hayamo katika daftari za forodha, lugha ndiyo hati yao.

Kumbukumbu za mawe zimekwenda njia nyingine. Boma la Wajerumani lilitengenezwa upya mwishoni mwa karne ya 20 kwa msaada wa shirika la hisani la Kiingereza, likawa hoteli, na vijana wa mji wakapata mafunzo na kazi humo. Iko nyumba yenye kibao kinachoarifu kuwa Livingstone husemekana alikaa hapo. Liko jengo liitwalo soko la zamani la watumwa. Hayo yote ni mema kuhifadhiwa. Lakini mtoto wa Mikindani apitaye mbele yake huona kuwa mtawala amehifadhiwa, na msafiri amehifadhiwa, na mtumwa amebaki kuwa jina la jengo.

Kuna sababu ya kuyataja haya sasa. Mwendo mfupi kusini-mashariki ya Mtwara, katika njia iendayo Msimbati, kipo kijiji cha Madimba. Gesi ya asili iligunduliwa katika eneo la Mnazi Bay mwaka wa 1982, na kiwanda cha kuisafisha kimejengwa Madimba. Bomba la zaidi ya kilomita 500 huipeleka Dar es Salaam. Lilizinduliwa mwezi wa Oktoba 2015. Kabla ya hapo, mwaka wa 2013, Mtwara ilitikiswa na maandamano na ghasia, na watu walipoteza maisha. Kati ya waliopinga kulikuwa na waliosema kuwa mali ya kusini inaondolewa kusini bila kuwaachia watu wake kitu. Serikali ilijibu kuwa gesi ni mali ya taifa zima. Si kazi ya makala ya historia kuamua kati ya kauli hizo mbili. Lakini ni kazi yake kueleza kwa nini kauli ya kwanza ilisikika kwa nguvu kiasi kile katika nchi hii. Pembe, watu, mpira na katani vilipita hapa, na karanga zilitarajiwa kupita. Kila mara hesabu ilipigwa kwingine, na kila mara bandari iliachwa ikijitafutia riziki. Watu wenye kumbukumbu hiyo huliuliza kila bomba na kila reli swali lile lile.

Mikindani imejibu swali hilo kwa namna yake. Watoza ushuru wa Unguja, kampuni ya Wajerumani, mabwana shauri wa Kiingereza na mpango wa karanga wote wameondoka. Waliobaki ni wale walioletwa au waliojileta kutoka uwandani, pamoja na wavuvi waliowakuta ufukoni. Wachunguzi wa Kiswahili watakaokwenda huko na kuyaandika maneno, majina ya mitaa, majina ya koo na masimulizi ya wazee kabla hayajapotea, watakuwa wanakusanya historia ya wajenzi wa mji. Historia ya waliopita njia imekwisha kukusanywa.